Mtawanyiko wa Watu na Upatikanaji wa Maji katika Masasi na Newala, Uwanda wa Juu wa Makonde

IKISIRI

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya sura ya nchi na mtawanyiko wa watu katika Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kusini mashariki mwa Tanzania. Hoja ya msingi ni kwamba msongamano wa watu ni mkubwa zaidi juu ya uwanda usio na mto wala chemchemi, na ni mdogo zaidi katika nchi ya chini iliyo karibu na mito. Hali hiyo haielezeki kwa kutazama mazingira ya leo peke yake. Inaelezeka kwa kufuatilia mambo matatu yaliyofuatana kwa wakati: utafutaji wa usalama katika karne ya 19, kilimo cha korosho katika karne ya 20, na ujenzi wa barabara katika karne ya 21. Makala yanatumia takwimu za sensa za mwaka 2002, 2012 na 2022, na yanahitimisha kwamba Masasi na Newala, ingawa kiutawala zimetenganishwa, zinategemea maji ya aina moja yanayotokana na mvua ya Uwanda. Mipango inayozitazama kama maeneo mawili yasiyohusiana huacha mzigo wa utengano huo uendelee kubebwa na wanawake wanaoteka maji.

1.0 UTANGULIZI

Katika maandiko mengi ya jiografia ya Afrika Mashariki, maji hutajwa kuwa sababu ya kwanza inayoamua mahali ambapo watu hukaa. Miji ya mwambao ilikua penye visima vya maji matamu, vijiji vya wakulima vilifuata mabonde, na wafugaji walihama kwa kufuata malambo. Kwa mtazamo huo, mtu anayeitazama ramani ya Mkoa wa Mtwara kwa mara ya kwanza angetarajia kuwakuta watu wengi kando ya Mto Ruvuma upande wa kusini, kando ya Mto Lukuledi upande wa kaskazini, na wachache sana katika nchi iliyoinuka kati ya mito hiyo miwili.

Hali halisi ni kinyume chake. Nchi hiyo iliyoinuka, yaani Uwanda wa Juu wa Makonde, ndiyo yenye vijiji vilivyokaribiana zaidi, na Newala imesimama kwenye ukingo wake wa magharibi. Masasi ipo chini, magharibi mwa ukingo huo, katika nchi pana yenye milima ya mawe, vijito vya msimu na mapori makubwa. Safari ya barabara kati ya miji hiyo miwili haizidi kilomita 80, lakini mazingira ya kila upande ni tofauti kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani amevuka mpaka wa mkoa.

Makala haya yanalenga kujibu maswali matatu. Kwanza, ni sura gani ya nchi inayosababisha Uwanda ukose maji ilhali unapata mvua? Pili, ni kwa nini watu waliukalia na kuendelea kuukalia? Tatu, takwimu za sensa zinaonesha nini kuhusu mwenendo wa idadi ya watu katika maeneo haya mawili, na zinaficha nini?

2.0 SURA YA NCHI NA SAFARI YA MAJI

2.1 Uwanda wa Juu wa Makonde

Uwanda wa Juu wa Makonde unaanzia karibu na Bahari ya Hindi na kuinuka polepole kuelekea magharibi. Mwinuko huo ni wa taratibu mno. Msafiri anayetoka Mtwara kupitia Tandahimba hapandi mlima wowote unaostahili jina hilo, lakini afikapo Newala huwa amefika zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Sehemu za juu kabisa za ukingo wa magharibi hukaribia mita 900. Kutoka hapo ardhi hukatika ghafla. Mahali panapoitwa Shimo la Mungu, mjini Newala, mtu husimama kwenye ukingo na kuitazama nchi ya chini ikitandaa hadi upeo wa macho, kuelekea Bonde la Ruvuma na Msumbiji.

Udongo wa Uwanda kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, uliotokana na tabaka nene za mawe ya mchanga. Udongo wa namna hiyo hupitisha maji kwa haraka. Mvua inyeshapo huzama chini badala ya kutiririka juu ya ardhi, na kwa sababu hiyo juu ya Uwanda hakuna mito ya kudumu. Uoto wake wa asili ni vichaka vizito vilivyofungamana, ambavyo zamani vilikuwa vigumu kupenyeka pasipo kufyekwa njia.

2.2 Nchi ya Masasi

Masasi ina sura nyingine. Mji wenyewe upo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, ukiwa umezungukwa na milima ya mawe magumu iliyosimama mmojammoja katika nchi iliyo karibu tambarare. Mlima Mtandi, ambako kuna Kanisa Kuu la Anglikana, ni mojawapo. Milima hiyo ni mabaki ya miamba ya kale sana iliyobaki imesimama baada ya miamba laini iliyoizunguka kumomonyolewa kwa muda mrefu. Udongo wa Masasi hubadilika kutoka mahali hadi mahali: mwekundu na wenye rutuba chini ya milima, wa kichanga katika miinuko midogo, na mweusi wa mfinyanzi katika mabonde. Mashimo ya maji yaliyochimbwa mabondeni huweza kutoa maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, ingawa mengi hupungua sana kuanzia mwezi Septemba.

2.3 Mvua moja, njia mbili

Maeneo yote mawili hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mara nyingi katikati ya msimu, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, huwapo kipindi cha jua ambacho kikirefuka huharibu mahindi yaliyo shambani. Uwanda, kwa kuwa umeinuka na unapokea upepo kutoka baharini, haupati mvua haba kuliko nchi ya Masasi. Kwa hiyo upungufu wa maji Newala hautokani na ukame wa anga. Unatokana na kile kinachotokea baada ya mvua kugusa ardhi.

Maji yanayozama katika mchanga wa Uwanda hushuka hadi yakutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha husafiri pembeni na kutokeza chini ya miteremko. Ndiyo maana Uwanda umezungukwa na chemchemi na maeneo oevu kwenye miguu yake: Ndanda upande wa kaskazini magharibi, Bonde la Kitangari na chanzo cha Mitema, na vyanzo vidogo vingi ambavyo wanavijiji wanavijua kwa majina. Uwanda ni mfano wa sifongo kubwa: hunywa mvua juu na kuitoa pembeni, chini. Anayeishi juu ya sifongo hiyo ndiye aliye mbali zaidi na maji yake.

3.0 HISTORIA YA MAKAZI

3.1 Uwanda kama kimbilio

Katika karne ya 19 nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na mwambao ilipitiwa na misafara ya biashara ya pembe na watumwa iliyoelekea Kilwa, Lindi na Mikindani. Aidha, kuanzia katikati ya karne hiyo, vikosi vya Wangoni, waliojulikana katika eneo hili kwa jina la Magwangwara, vilishambulia vijiji vya nchi ya chini mara kwa mara. Katika mazingira hayo, vichaka vizito vya Uwanda vilikuwa ngome. Adui aliyezoea kupigana katika nchi wazi hakuweza kuvipenya kwa urahisi, na kundi kubwa la wapiganaji lisingeweza kukaa muda mrefu mahali pasipo na maji. Ukosefu wa maji, ambao leo unaitwa tatizo, wakati ule ulikuwa sehemu ya ulinzi.

Karl Weule, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Leipzig, alizuru Masasi, Chingulungulu na Newala mwaka 1906, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa Ujerumani mwaka 1908. Miongoni mwa mambo yaliyomshangaza ni kwamba Wamakonde walikaa juu huku maji yao yakiwa chini ya mteremko. Maelezo yake yana upungufu unaotarajiwa katika maandishi ya zama za ukoloni, hususani katika namna anavyowazungumzia wenyeji, lakini yanathibitisha kwamba desturi ya kukaa juu na kuteka chini ilikuwa imekwisha kuzoeleka kabla ya karne ya 20 kukomaa.

3.2 Masasi: mji wa waliokombolewa

Chimbuko la mji wa Masasi ni tofauti. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, kwa nia ya kuwarudisha karibu na nchi zao za asili upande wa Ziwa Nyasa. Kundi hilo liliishia Masasi, mahali palipokuwa na ardhi nzuri na maji, na makazi yakaanzishwa hapo. Kwa hiyo Masasi ilichaguliwa kwa kigezo ambacho Newala haikuwa nacho, yaani maji, na ikakosa kile ambacho Newala ilikuwa nacho, yaani kinga.

Upungufu huo ulidhihirika mwezi Septemba mwaka 1882, Magwangwara walipoishambulia Masasi. Baadhi ya watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na makazi yakasambaratika. Chauncy Maples, aliyekuwa kiongozi wa misheni hiyo, alihamishia shughuli zake Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Tukio hilo linafupisha hoja ya sehemu hii: penye maji palishambuliwa, na waliosalimika wakaelekea Newala. Masasi ilijengwa upya baadaye, ikachomwa tena wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na ikajengwa tena. Mwaka 1926 ikawa makao ya Dayosisi ya Anglikana. Wakati huohuo Wabenediktini waliokuwa wamefika Ndanda mwaka 1906 walikuwa wakijenga abasia, shule na hospitali penye chemchemi ya mguu wa Uwanda.

3.3 Makabila na ukoo

Wakazi wa Newala na jirani yake Tandahimba kwa sehemu kubwa ni Wamakonde. Masasi ni mchanganyiko wa Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, na mchanganyiko huo ni matokeo ya historia iliyoelezwa hapo juu: watu wa asili mbalimbali walikutana katika nchi iliyokuwa njia ya misafara na baadaye kituo cha misheni. Jamii hizo zote kwa asili hufuata ukoo wa mama. Jambo hili lina uzito katika kuelewa uhamaji, kwa kuwa mwanamume anapoondoka kutafuta kazi, mke na watoto hubaki miongoni mwa ndugu wa mama yao na katika ardhi ya ukoo huo.

3.4 Operesheni Vijiji

Wamakonde wa Uwanda walizoea kukaa katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika, kila ukoo karibu na mashamba yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya katika vijiji vikubwa kando ya barabara. Lengo lilikuwa kurahisisha huduma, yakiwamo maji, shule na zahanati. Hata hivyo, mkorosho hauhamishiki. Wakulima wengi walijikuta wakiishi mbali na mikorosho yao, na mashamba yakaachwa yakamezwa na pori. Athari za jambo hilo zinaelezwa katika sehemu ya tano.

4.0 IDADI YA WATU

4.1 Mipaka inayobadilika

Msomaji wa takwimu za Masasi na Newala hana budi kuanza na mipaka, kwa sababu jina moja halikumaanisha eneo lilelile katika kila sensa. Tandahimba ilikuwa sehemu ya Newala kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea. Nanyumbu ilihesabiwa ndani ya Masasi mwaka 2002, lakini mwaka 2012 ilihesabiwa peke yake. Halmashauri ya Mji wa Masasi nayo ilihesabiwa mwaka 2012 mbali na Halmashauri ya Wilaya. Baada ya sensa hiyo, Newala pia ikapata halmashauri yake ya mji. Anayelinganisha tarakimu za Masasi za mwaka 2002 na za mwaka 2012 bila kurudisha maeneo yaliyomegwa atahitimisha kwamba watu wamepungua, jambo ambalo si kweli.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2002, Masasi, ikiwamo Nanyumbu ya leo, ilikuwa na watu 442,573, na Newala watu 183,930. Mwaka 2012 Wilaya ya Masasi ilikuwa na watu 247,993, Mji wa Masasi 102,696 na Nanyumbu 150,857, jumla ikiwa 501,546. Newala ilikuwa na watu 205,492. Kwa hiyo, katika mipaka inayolingana, Masasi iliongezeka kwa asilimia 13.3 na Newala kwa asilimia 11.7 katika miaka kumi.

Kwa upande wa msongamano, Masasi ya zamani ilikuwa na takriban kilomita za mraba 8,900 na Newala takriban 2,100. Kwa tarakimu za mwaka 2002, hiyo ni sawa na watu karibu 50 kwa kilomita ya mraba Masasi, na kati ya 85 na 90 Newala. Nchi yenye mito ilikuwa na watu wachache kwa kila kilomita kuliko nchi isiyo na mto.

4.2 Ukuaji wa polepole

Ongezeko hilo la asilimia 13.3 na 11.7 ni dogo likilinganishwa na la taifa. Tanzania iliongezeka kutoka watu 34,443,603 mwaka 2002 hadi 44,928,923 mwaka 2012, yaani zaidi ya asilimia 30. Mkoa wa Mtwara kwa jumla uliongezeka kutoka 1,128,523 hadi 1,270,854, sawa na kasi ya asilimia 1.2 kwa mwaka wakati kasi ya taifa ilikuwa asilimia 2.7. Lindi, jirani wa kaskazini, ulikuwa miongoni mwa mikoa michache iliyokuwa na kasi ndogo zaidi katika Tanzania Bara.

Sababu mbili zinatajwa kwa kawaida. Ya kwanza ni uzazi: wanawake wa kusini mashariki huzaa watoto wachache kuliko wastani wa taifa, na kaya zao ni ndogo. Ya pili ni uhamaji. Kwa miongo mingi vijana wa Mtwara na Lindi wamekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, kiasi kwamba jina la Wamachinga, kabila la Lindi, limekuwa jina la wafanyabiashara wadogo wa mitaani nchi nzima.

Uwiano wa jinsi unaunga mkono sababu hiyo ya pili. Mwaka 2012 Mkoa wa Mtwara ulikuwa na wanaume 599,648 na wanawake 671,206, yaani wanaume 89 kwa kila wanawake 100. Kwa mpangaji wa huduma, tarakimu hiyo si ya kupita nayo. Mahali ambapo kuteka maji ni kazi ya wanawake, pengo la wanaume elfu sabini na zaidi halipunguzi idadi ya ndoo zinazohitajika nyumbani kwa kiwango kinachopunguza mikono ya kulima. Kazi iliyokuwa ya wawili huangukia mmoja.

4.3 Mabadiliko baada ya mwaka 2012

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha mwelekeo mwingine. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,634,947, ongezeko la asilimia 28.6 katika miaka kumi, sawa na kasi ya takriban asilimia 2.5 kwa mwaka. Kasi hiyo bado ipo chini ya ile ya taifa, iliyokuwa asilimia 3.2, lakini ni zaidi ya mara mbili ya kasi ya muongo uliotangulia. Ongezeko la namna hiyo ni vigumu kulieleza kwa uzazi peke yake. Linaoana na hali ambapo walioondoka wamepungua na waliorudi au kuhamia wameongezeka. Ili kuelewa kwa nini mtu arudi Newala, sharti kuuangalia mkorosho.

5.0 KOROSHO KAMA SABABU YA KUBAKI

Mkorosho ulitoka Brazili na kuletwa na Wareno katika mwambao wa Afrika Mashariki katika karne ya 16, lakini ulikuwa zao kubwa la biashara kusini mwa Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mti huu unaridhika na udongo wa kichanga, una mizizi inayokwenda chini sana, na unahitaji kipindi kirefu cha jua wakati wa kuchanua. Sifa zilezile zinazoufanya Uwanda kuwa mahali pagumu kwa binadamu zinaufanya kuwa mahali pazuri kwa mkorosho. Usalama uliokuwa umewaleta watu juu ulipokwisha kuwa hoja, korosho ikawapa sababu ya kutoshuka.

Historia ya zao hilo ni ya kupanda na kushuka. Mwaka 1973/74 uzalishaji wa taifa ulifikia takriban tani 145,000. Mwaka 1986/87 ulikuwa umeanguka hadi chini ya tani 20,000. Bei ndogo kwa mkulima, kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba, na ugonjwa wa ubwiriunga vyote vilichangia. Utafiti wa Kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, kuhusu matumizi ya salfa na miche bora ulisaidia kuliinua zao upya. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika mkoani Mtwara, ambapo mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi cha ushirika, na vyama vikuu, kama vile TANECU kwa Tandahimba na Newala na MAMCU kwa Masasi na Mtwara, huziuza mnadani. Msimu wa 2017/18 uzalishaji wa taifa ulizidi tani 300,000.

Mwaka uliofuata ulionesha hatari ya kutegemea zao moja. Wakulima walikataa bei zilizotolewa mnadani, na mwezi Novemba mwaka 2018 Serikali ikaamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huku Jeshi likishirikishwa katika usombaji. Malipo yaliyochelewa katika msimu kama huo huonekana dukani, shuleni na katika nyumba zilizosimama bila bati. Hapo ndipo kangomba, yaani mnunuzi anayenunua kwa kificho na kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, hupata nafasi, kwa sababu anatoa fedha taslimu siku ambayo kaya haina.

Kwa Newala, uhusiano wa korosho na maji ni wa moja kwa moja. Kaya iliyouza vizuri hujenga tangi la kuvunia mvua kutoka kwenye paa la bati, au hununua maji yanayoletwa na magari. Kaya iliyouza vibaya hurudi mteremkoni na ndoo.

6.0 BARABARA NA KUKUA KWA MJI WA MASASI

Kwa muda mrefu kusini mashariki mwa Tanzania kulifikika kwa shida. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, ambayo baadaye ilipata tawi la kwenda Masasi, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Msimu wa mvua ulipoanza, Mto Rufiji na tope la barabarani viliikata kusini na Dar es Salaam.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, Mtambaswala, lilifunguliwa mwaka 2010 na kuiunganisha Nanyumbu na Msumbiji. Lami ya Masasi hadi Tunduru na Songea ilikamilishwa katika muongo uliofuata. Kwa hatua hizo Masasi ikawa njia panda: barabara za Lindi na Mtwara, Nachingwea, Tunduru, Mtambaswala na Newala zote hukutana hapo. Mji uliochaguliwa kwa maji mwaka 1876 sasa unakua kwa sababu ya magari.

Nchini Marekani, mji na maeneo yanayoutegemea huhesabiwa pamoja kwa kuangalia kiini chenye watu wasiopungua 50,000 na idadi ya wakazi wa wilaya jirani wanaosafiri kila siku kwenda kazini humo. Kipimo hicho kikitumika hapa kama kilivyo, Newala na Masasi hazitaonekana kuwa kitu kimoja, kwa kuwa wachache huenda na kurudi kila siku. Hata hivyo yapo mafungamano mengine: mgonjwa wa Newala anayepelekwa Hospitali ya Ndanda, mfanyabiashara anayefuata minada ya korosho, mwanafunzi wa bweni, na ndugu wanaogawana mashamba juu na chini. Ujenzi wa lami wa kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unatarajiwa kuyakaza zaidi mafungamano hayo.

7.0 MAJI: KUSHUKA NA KUPANDISHWA

Juhudi za kupandisha maji Uwandani zilianza wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, kwa mradi wa kuyasukuma kwa mashine kutoka bondeni hadi Newala na vijiji vya jirani. Katika miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Finland ilifadhili uendelezaji wa maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mradi wa Makonde, unaotegemea visima vya Mitema katika Bonde la Kitangari, uliendelea kuwa tegemeo la Newala na Tandahimba. Hivi karibuni umeingizwa katika Mradi wa Maji wa Miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India.

Kasoro ya msingi ya mfumo huo ni ya kijiografia kabla ya kuwa ya kiutawala. Kila lita inayofika Newala hupandishwa mamia ya mita kwa umeme. Pampu ikiharibika, umeme ukikatika au deni likilimbikizwa, mabomba hukauka. Masasi kwa upande wake hupata maji kutoka chanzo cha Mbwinji, chini ya mteremko wa Uwanda, kupitia mradi unaohudumia pia Nachingwea.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapokamilika. Mvua inayozama katika mashamba ya mikorosho ya Uwanda ndiyo inayotokea miguuni mwake, Mitema na Mbwinji. Kufyeka vichaka kiholela kwenye kingo, kuchoma moto miteremko na kuchimba mchanga kunaweza kuathiri vyanzo ambavyo mkazi wa Masasi anavitegemea. Vilevile gharama ya kupandisha maji inabebwa na halmashauri na watumiaji wa juu peke yao, ilhali wao ndio wanaokalia na wanaoweza kuilinda ardhi inayoyachuja maji hayo.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonesha kwamba mtawanyiko wa watu katika Masasi na Newala ni zao la historia iliyowekwa juu ya jiografia. Watu hawakukalia Uwanda kwa kutojua kwamba hauna maji. Waliukalia wakijua hivyo, kwa sababu wakati ule kiu ilikuwa afadhali kuliko utumwa. Vizazi vilivyofuata vilibaki kwa sababu ya mkorosho, na takwimu za mwaka 2022 zinaashiria kwamba wengi zaidi wanaendelea kubaki au kurudi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, takwimu za Masasi, Nanyumbu, Newala na Tandahimba zilinganishwe kwa mipaka iliyosawazishwa, ili mabadiliko ya kiutawala yasidhaniwe kuwa mabadiliko ya watu. Pili, uvunaji wa mvua kwenye mapaa upewe uzito sawa na miradi ya kusukuma maji, kwa kuwa Uwanda haujawahi kukosa mvua. Tatu, mamlaka za maji za juu na za chini zishirikiane katika kuvilinda vichaka vya kingo na katika kugawana gharama za ulinzi huo.

Sera ya kuwahamishia watu yalipo maji ilikwisha kujaribiwa kwa sura nyingine katika miaka ya 1970, na mashamba yaliyoachwa yakawa pori. Wakazi wa Uwanda wamekwisha kulijibu swali la wapi wakae. Swali lililobaki kwa watafiti na wapangaji ni namna ya kuyafikisha maji juu bila kuendelea kuyaweka kichwani mwa mwanamke.